UZI: Klempu za kujitengenezea kwa meza ndogo ya kazi (rodi ya hesi, skwea tyubu, kabari na blada)

RandaNjoro – Njoro, Nakuru

Wadau wa mbao, habari zenu. Maswali ya klempu, yaani vibanio vya kushikilia mbao, yamezidi humu na majibu mengi huishia "nenda ukanunue". Meza ya futi nne kwa mbili ina kazi ya klempu kumi hivi, na karibu zote zinaweza kutoka kwa rodi ya hesi (fimbo ya chuma yenye mizingo ya skrubu urefu wote), mabaki ya mbao ngumu na vyuma vya jua kali. Ninaanza na moja kwa vipimo kamili. Wenye ujuzi wa nyingine tafadhali ongezeni.

Klempu ya mataya mawili ya mbao yenye skrubu mbili. Haitaki kuchomea. Vifaa vya klempu moja:

- mbao ngumu vipande 2, mm 45 x 45, urefu mm 300
- rodi ya hesi M12 (kipenyo mm 12), vipande 2 vya mm 300
- nati za M12, sita
- washa za kawaida nne na moja pana
- vishikio viwili vya mbao, unene mm 35, urefu mm 60

Rodi huuzwa kwa mita. Mita mbili zinatoa vipande sita, yaani klempu tatu, na vinabaki vipande viwili vya sentimita 10 ambavyo vina kazi yake baadaye. Mbao iwe mkaratusi uliokauka vizuri, mvule au mahogani. Saipresi usitumie kwa mataya, nati itazama ndani yake kama msumari kwenye sabuni.

Taya moja liite A, la pili B. Vishikio vyote vinakaa upande wa A. Pima kutoka mwisho wa nyuma: tundu la kwanza mm 40, la pili mm 150. Bana mataya yote mawili pamoja utoboe matundu ya mwongozo kwa biti nyembamba ya mm 4 kwa mara moja, la sivyo hayatalingana.

Skrubu ya kati inavuta. Inapita huru kwenye A kupitia tundu la mm 14, halafu inashikwa na nati iliyozikwa B. Skrubu ya nyuma inasukuma. Nati yake imezikwa A, na ncha yake inaegemea kwenye kitundu cha B chenye kina cha mm 12 ambacho hakitokezi upande wa pili. Chini ya kitundu hicho weka kipande cha chuma bapa cha mm 3, maana bila hicho ncha ya rodi itaendelea kuchimba mbao kila unapokaza.

Sasa jambo ambalo huua klempu hizi nyingi kabla hazijafanya kazi. Nati inazikwa upande gani wa taya? Jibu ni upande ambao nguvu inaisukuma izidi kuingia ndani ya mbao. Skrubu ya kati inavuta B kuelekea A, kwa hiyo nati yake ikae uso wa NJE wa B. Skrubu ya nyuma inasukuma B, nayo B inairudisha rodi kuelekea kwa mkono wako, kwa hiyo nati yake ikae uso wa NDANI wa A. Ukiweka kinyume, kinachobaki kuishikilia nati ni gundi peke yake, na gundi haina muda mrefu hapo. Itang'oka siku ya kukaza kwa nguvu.

Kishikio: nati moja chini, washa, mbao, washa, nati ya juu, zote zikazwe kwa spana dhidi ya mbao na kutiwa epoksi. Kwa skrubu ya kati, ile nati ya chini ndiyo inayosukuma taya A, kwa hiyo washa pana ikae kati yao. Ukihesabu kishikio, nati na unene wa mataya, klempu inafunguka karibu sentimita 12.

Namna ya kuitumia: kaza ya kati mpaka mataya yaguse kazi yakiwa sambamba, halafu malizia na ya nyuma. Skrubu ya kati inakuwa egemeo. Toka katikati hadi nyuma ni mm 110, hadi ncha ni mm 150, kwa hivyo ncha hupata takriban robo tatu ya nguvu ya skrubu ya nyuma. Ukibana karibu na katikati, nguvu ni kubwa zaidi.

---

NatiNaBolti – Kisumu

Fundi RandaNjoro umeanza pazuri. Nikuongezee hapo kwenye kuzika nati, kwani wengi hutoboa vibaya.

Nati ya M12 ya kawaida ni ile ya spana 19. Kutoka pembe hadi pembe ni karibu mm 22. Ukitoboa tundu la mm 22, nati itaingia kirahisi na itazunguka humo milele. Toboa kwa biti bapa ya mm 20, kina mm 10, halafu uivute nati iingie kwa bolti na washa pana upande wa pili. Ile milimita moja ya kila pembe ndiyo itakayokata mbao na kuizuia isizunguke. Kwenye mvule au mbao nyingine ngumu sana usilazimishe, taya litapasuka kufuata nyuzi. Chora pembe sita kwa kisu na uzitoe na patasi nyembamba kwanza.

Mpangilio wa kutoboa nao una maana. Tundu kubwa la mm 20 kwanza, la mm 13 la kupitisha rodi baadaye. Biti bapa inahitaji mbao katikati ili ncha yake ishike. Ukianza na la mm 13, ile ya 20 itacheza na kukupa tundu la yai.

Epoksi ukitia, osha nati kwa tina (kiyeyusho cha rangi) kwanza kwani zote huja na mafuta, kisha paka mshumaa kwenye hesi za rodi na uiache rodi ndani wakati gundi inakauka. Baada ya saa moja hivi izungushe robo mzunguko ili isije ikagandana.

---

MezaYaFutiNne – Kakamega

Asanteni sana. Swali: M8 ndiyo inayopatikana kirahisi katika maduka ya hadiwea ya mtaani, na M12 ni lazima uende mjini. Haifai?

---

RandaNjoro

Kwa klempu hii haifai, ndugu. Skrubu ya nyuma inasukumwa kutoka ncha zote mbili, na rodi nyembamba ikisukumwa hivyo hupinda katikati. Ikishapinda kidogo tu, nati inaanza kukwama na hesi zinaliwa upande mmoja. M10 ndiyo mwisho wa kushuka, na mataya uyafupishe yawe mm 220.

M8 ina kazi yake: kushikilia vizuizi vya meza, kukaza kisu kwenye kipimio cha kuchorea mstari, na vitu vinavyovutwa tu bila kusukumwa. Kwa mzunguko mmoja M8 inasogea mm 1.25, M10 mm 1.5, M12 mm 1.75. Kwa hiyo hata kwa kasi M12 inashinda.

---

ChumaKamas – Kisumu

Salamu zenu mafundi. Niingie na upande wa chuma, maana klempu ya mbao haitabana ubao wa meza wenye upana wa futi mbili.

Klempu ndefu ya skwea tyubu (tyubu ya chuma yenye pembe nne). Tyubu moja ya mita 6 inatoa klempu tano za karibu mita 1.2. Sehemu ni tatu: taya lisilosogea mwisho mmoja, taya linaloteleza, na kichwa cha skrubu mwisho wa pili.

Kichwa cha skrubu: kipande cha chuma bapa mm 50 x 6, urefu mm 80, kichomewe wima mwishoni mwa tyubu na kuungwa na pembetatu kwa nyuma. Kitobolewe mm 13 na kuchomewa nati ndefu ya M12, ile ya kuunganishia rodi, yenye urefu wa mm 36. Usipoipata, tumia nati mbili za kawaida. Zifunge kwenye bolti moja zikiwa na nafasi ya mm 10 kati yao, chomea zikiwa bado zimeshikwa na bolti ili hesi zilingane. Bolti ipakwe grisi kwanza. Chomea nukta tatu au nne pekee, uache ipoe, halafu utoe bolti. Mstari mzima wa moto huivuta nati na rodi haipiti tena bila tapu (chombo cha kuchonga hesi ndani ya nati).

Taya linaloteleza: kipande cha tyubu kubwa zaidi, urefu mm 60, kilichovaa tyubu yako, na chuma bapa kilichosimama juu yake. Linashikwa na bolti ya mm 10 inayopita kwenye matundu. Weka matundu kila baada ya mm 75, na rodi ya skrubu iwe na mwendo wa angalau mm 90. Mwendo wa skrubu ukiwa mfupi kuliko umbali wa matundu, utajikuta na upana ambao klempu yako haiwezi kuubana kabisa.

Tahadhari moja ninayoisisitiza. Nati na rodi zinazong'aa zimepakwa zinki. Ukizichomea hivyo zinatoa moshi mweupe, na ukiuvuta unaleta homa, baridi na maumivu ya mwili usiku huohuo. Ondoa zinki kwa grainda mahali pa kuchomea, fanyia kazi nje, upepo ukitoka mgongoni au ubavuni na kuupeleka moshi mbali na uso. Paipu ya maji ya mabati vilevile.

---

SaipresiMolo – Molo

@ChumaKamas tyubu ya inchi moja kwa moja, geji 16, inatosha? Klempu za aina hiyo huku zikikazwa zinapinda kama upinde, na ubao unainuka katikati.

---

ChumaKamas

Haitoshi, na hesabu yake ni rahisi kufuata. Skrubu haiko kwenye mstari wa tyubu. Iko juu yake karibu mm 60. Kila kilo unayobana inaivuta tyubu ipinde kwa mkono huo wa mm 60.

Chukua nguvu ya kilo 300, ambayo ni ya kawaida kwa kazi ya gundi. Tyubu ya mm 25 x 25 unene 1.5, ikiwa na urefu wa mita moja kati ya mataya, itapinda karibu mm 8 hadi 9 katikati. Hiyo ndiyo unayoiona Molo. Ukiilegeza itanyooka tena. Lakini mtu akiweka kishikio cha T chenye mkono wa sentimita 15 na kuvuta kwa nguvu ya kilo 10 hivi, skrubu ya M12 inatoa zaidi ya nusu tani, na hapo tyubu hiyo haitarudi. Imepinda ya kudumu.

Tumia mm 40 x 20 unene 2, isimame wima, upande wa 40 uwe kimo. Kwa kilo 300 zilezile inapinda karibu mm 3, ilhali chuma kimeongezeka kwa karibu asilimia 60 tu. Kimo ndicho kinachobeba. Ndiyo maana pia matundu ya bolti yatobolewe katikati ya upande wa 40. Katikati hapo chuma hakivutwi wala hakisukumwi sana. Ukitoboa upande wa 20, juu au chini, umekata mahali penye kazi yote.

Kishikio nacho kipunguze. Rodi ya mm 8 yenye urefu wa sentimita 10 kwa jumla, yaani mkono wa sentimita 5, inatosha kabisa na inakulinda.

---

SaipresiMolo

Nimeelewa mzee, shukrani. Kwa hiyo zile za inchi moja zisitupwe?

---

ChumaKamas

Zisitupwe. Zikate ziwe za sentimita 40 hadi 50. Kupinda huongezeka kwa mraba wa urefu, kwa hivyo ukigawa urefu kwa mbili, kupinda kunagawika kwa nne. Zitakuwa klempu nzuri za droo na fremu ndogo.

---

KabariBungoma – Bungoma

Naheshimu chuma, ila kwa kuunganisha mbao za juu ya meza kabari inatosha na inabana kwa usawa kuliko skrubu nyingi. Gharama yake ni kipande cha inchi nne kwa mbili na bolti nne.

Mbao ya 4x2 iliyonyooka, isiyo na macho, urefu wa futi tatu kwa ubao wa futi mbili. Weka kizuizi kila upande, kila kimoja kishikwe na bolti mbili za M10 zilizopita mpaka chini. Misumari haifai, inalala ikisukumwa. Nafasi kati ya vizuizi iwe upana wa ubao na mm 45 zaidi.

Kabari ni mbili na zinalala kinyume: urefu mm 200, upande mnene mm 35, mwembamba mm 10. Hiyo ni mteremko wa 1 kwa 8. Ukigonga kwa mm 8, inakaza mm 1. Msiende kwenye mteremko mkali kuliko 1 kwa 6. Mbao juu ya mbao haina msuguano wa kutosha kuishika, na kabari itaruka yenyewe gundi ikiwa bado mbichi. Msizipake nta wala mafuta, kwa sababu hiyohiyo. Nyuso zake ziache na alama za msumeno.

Zigonge zote mbili kwa pamoja kwa nyundo mbili, moja kila upande. Ukigonga moja tu inaburuta ukingo wa ubao pembeni, na kiungo kinateleza. Weka karatasi ya nailoni kati ya kiungo na mbao ya klempu, vinginevyo utapata meza iliyogandana na klempu yake.

---

NatiNaBolti

@KabariBungoma kabari ni nzuri, lakini inasukuma kutoka chini peke yake. Ubao wa inchi moja ukisukumwa hivyo unaruka juu katikati kabla hujagundua. Hapo unafanyaje?

---

KabariBungoma

Kweli kabisa fundi, na hilo linahusu hata za tyubu. Njia ni mbili. Kwanza, badilisha: klempu moja chini, inayofuata juu, hivyohivyo mpaka mwisho, zivutane. Pili, kila sentimita 40 weka jozi ya vibao vya kusawazisha, kimoja juu na kimoja chini ya ubao, vikikatiza viungo vyote, na uvibane kwa klempu ya mbao ya RandaNjoro kila ncha. Vibao hivyo virandwe vipate tumbo la mm 2 katikati. Ncha zikikazwa, tumbo ndilo linalogusa kwanza na kulazimisha katikati kulala. Vifungwe kwa utepe wa nailoni visishikwe na gundi. Kaza vibao kidogo, kaza kabari kidogo, rudia.

---

DadaMsasa – Nakuru mjini

Mnazungumza klempu ngapi kwa ubao mmoja? Hapo mwanzo zimetajwa kumi hivi.

---

RandaNjoro

Dada, swali hili ni muhimu. Kuna vipimo viwili na vyote viheshimiwe.

Cha kwanza ni kuenea kwa nguvu. Kutoka kwenye klempu nguvu inatawanyika ndani ya mbao kwa pembe ya digrii 45. Ukibana mbao ya inchi 6, yaani sentimita 15, kufika kwenye kiungo nguvu imeenea sentimita 15 kila upande. Kwa hiyo klempu ziachane sentimita 30, na ubao wa mita moja unataka nne. Mbao za inchi 3 zinataka klempu kila sentimita 15. Ukiwa na klempu chache, weka kipande kipana cha mbao kati ya klempu na ukingo wa ubao. Hicho kinahesabika kama upana.

Cha pili ni nguvu yenyewe. Mbao laini kama saipresi na paini zinataka kama kilo 7 kwa kila sentimita mraba ya kiungo. Ukingo wa inchi moja wenye urefu wa mita moja ni sentimita mraba 250, yaani kilo 1,750. Ukigawa kwa kilo 300 za klempu moja unapata sita. Mbao ngumu zinataka karibu mara mbili.

Hapo ndipo ubora wa randa unapoingia. Ukingo uliorandwa sawasawa hufungika kwa kubonyezwa na mikono, na klempu nne zinamaliza. Ukingo wenye nafasi unalazimisha klempu kupindisha mbao, na mbao iliyopindishwa haichoki kutaka kurudi. Weka mbao mbili pamoja zikiwa kavu, taa nyuma yake. Mwanga ukipenya, rudi kwenye randa.

Gundi nyeupe ya mbao: acha klempu saa moja, na usirande wala kupiga msasa kabla ya saa 24. Njoro na Molo asubuhi ya Julai kuna baridi. Ikiwa chini ya digrii 10, gundi hukauka ikawa kama chokaa na haishiki. Ikionekana nyeupe ya unga kwenye kiungo badala ya kuwa angavu, hiyo imeshaharibika. Lete mbao na gundi ndani usiku kabla ya kazi.

---

BladaAhero – Ahero

Msisahau blada. Ile ile ya kufungia mizigo kwenye bodaboda. Tyubu ya gurudumu ikatwe kwa mzunguko ipate utepe mmoja mrefu wa upana wa sentimita 3. Kwa miguu ya viti, fremu za duara, mpini uliopasuka, hakuna klempu inayoizidi. Vuta mpaka iongezeke karibu nusu ya urefu wake, zungusha, kila mzunguko unaongeza juu ya uliotangulia. Mizunguko kumi inabana kwa nguvu ya kushangaza. Funga mwisho kwa kuupitisha chini ya mzunguko wa mwisho, bila fundo.

Tyubu ya baiskeli ni nyepesi, inafaa vitu vidogo. Ile iliyoanza kupasukapasuka kwa jua usiitumie, inakatika ghafla na kuchapa uso.

Na paipu ya PVC ya inchi nne, ile ya maji taka: kata mapete ya upana wa sentimita 3, yapasue sehemu moja yawe kama herufi C. Ni klempu nyepesi za kubana vipande vya ukingo kwenye plaiwudi. Kata ishirini kwa dakika kumi. Zisitegemewe kwa kiungo chenye uzito.

---

ChumaKamas

Kwa meza yenyewe, kitu ambacho hakijatajwa ni kishikizo cha kugonga. Rodi laini ya mm 16, isiyo na mbavu, urefu mm 450. Mhunzi aipashe moto iwe nyekundu, aikunje mm 150 za mwisho kwa pembe kali kidogo kuliko mraba, na aigonge ncha iwe bapa kama ulimi. Meza itobolewe mm 18. Tia mguu kwenye tundu, ulimi ulale juu ya kazi, gonga kichwa mara moja kwa nyundo. Mguu unalala upande ndani ya tundu na kushika. Kulegeza, gonga nyuma ya mguu.

Meza iwe na unene wa mm 45 hadi 80. Ikiwa nyembamba, tundu linapanuka kuwa yai. Ikiwa nene sana, mguu haupati nafasi ya kulala, unateleza. Ukiteleza, kwaruza mguu kwa tupa au msasa mkali kwa kukatiza, usiupake mafuta hata kidogo. Matundu uyatoboe kutoka juu mpaka ncha ya biti bapa ichungulie chini, kisha malizia kutoka chini, ndipo ukingo hautabanduka.

Zile za mbavu za zege hazifai. Zinagusa juu ya mbavu tu na kula tundu.

Anayetaka vaisi kamili, atafute jeki ya mkasi ya gari iliyokufa. Skrubu yake ina hesi pana zenye nguvu nyingi, na nati yake imo tayari.

---

MezaYaFutiNne

Nimeshika mengi. Mbao za mataya: mkaratusi wa huku Kakamega hupatikana mbichi. Unakauka kwa muda gani?

---

KabariBungoma

Usihesabu miezi, hesabu uzito. Pasua vipande vikiwa vikubwa kuliko unavyotaka, mm 55 badala ya 45, kwa sababu mkaratusi husinyaa na kujipinda sana. Paka ncha zote rangi ya mafuta au nta, maana maji hutoka haraka kupitia ncha na hapo ndipo nyufa huanzia. Panga kivulini penye upepo, vijiti vya inchi moja kati ya tabaka na tabaka, na mawe juu. Pima kipande kimoja kwa mizani kila wiki. Wiki tatu mfululizo uzito usiposhuka, imefikia hewa ya mahali pako. Ndipo urande hadi 45 na kutoboa. Ukitoboa ikiwa mbichi, tundu la mm 14 litakuwa yai na rodi itakwama.

---

NatiNaBolti

Na kwa walio karibu na ziwa kama sisi: rodi hushika kutu haraka kwenye unyevu huu, hasa mahali zinki imekwanguka. Piga brashi ya waya, sugua mshumaa kwenye hesi kila mwezi. Usitumie oili ya injini kwenye klempu za mbao, inaingia kwenye kazi na gundi haishiki tena mahali hapo.

Tena, chuma tupu kikigusa gundi mbichi juu ya mkaratusi au mvule kinaacha doa jeusi ambalo randa inabidi ilifuate ndani. Kipande cha nailoni kati ya tyubu na mbao kinatosha.

---

DadaMsasa

Gundi ikishaganda kwenye hesi za M12, inatolewaje bila kuharibu nati iliyozikwa?

---

NatiNaBolti

Maji ya moto, dada. Gundi nyeupe hulainika kwa joto na maji. Funga kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto sana kwenye rodi kwa dakika kumi, kisha brashi ya waya kwa kufuata mzunguko wa hesi. Rudia. Usilazimishe kuizungusha rodi kabla hesi hazijasafika, kwani gundi ngumu ikiingia kwenye nati inaizungusha nati yenyewe ndani ya mbao, na pembe zake sita zinageuza lile tundu kuwa duara. Kama imeshazunguka, itoe, safisha tundu, ichomee nati kipande cha bapa cha mm 40 x 40 chenye matundu mawili ya skrubu, na uirudishe upande uleule iliokuwa. Kwa skrubu ya kati bapa ikae uso wa nje wa B, kwa ya nyuma uso wa ndani wa A.